Nilifuta orodha ya wageni, edita ikaniwekea

pweza_wa_forodhani:

Asalaam aleikum ndugu zangu. Kaeni kitako, uzi huu ni mrefu na nauandika kwa aibu.

Wiki iliyopita nilipigiwa simu na kijana aliyenunua laptopu yangu ya zamani. Mwanafunzi wa mwaka wa pili, kijana mtaratibu, heshima zake zote. Baada ya salamu akaniuliza: "Kaka, samahani, huyu Mjerumani aliyelala siku sita chumba cha juu, deni lake alilipa?"

Nilikuwa nakula urojo. Kijiko kilinibaki hewani.

Niwarudishe nyuma. Mwaka juzi nilimwandikia mzee mmoja mwenye nyumba ya wageni kule Jambiani kijiprogramu cha kuweka nafasi za vyumba. Python ya kawaida, hakuna makubwa. Ili nijaribishe, akanipa orodha yake halisi: jina, nchi, nambari ya pasipoti, chumba, siku za kulala, deni kama lipo. Nilitakiwa nitunge majina ya uongo, hilo nalijua, uvivu tu. Kazi ilipokwisha nikafungua `wageni.csv` kwa Vim, edita yangu, nikabonyeza `gg` kupanda juu, nikabonyeza `dG` kufuta yote, nikahifadhi kwa `:w`. Faili jeupe. Kisha nikaliondoa kabisa kwa `rm`. Nikajiona mtu mwaminifu kweli kweli.

Laptopu nilipoiuza sikuweka Linux upya. Kijana mwenyewe aliniomba nimwachie kila kitu kama kilivyo, maana `.vimrc` yangu, faili la mipangilio ya Vim, alikuwa akiisifu tangu zamani, na mie nani nikatae sifa? Nikafuta folda za kazi, nikabadilisha nywila, nikampa.

Basi siku hiyo akawa anapekua `~/.vim/undo`. Akakuta folda imejaa mafaili yenye majina ya ajabu, kila mkwaju (`/`) umegeuzwa alama ya asilimia: `%home%mimi%kazi%wageni.csv`. Akayapitisha kwenye `strings`, amri ya kuchomoa maandishi yaliyomo ndani ya faili, kwa udadisi wake. Mistari 83 ikamwagika kwenye skrini, majina na pasipoti.

Kilichotokea ni hiki. Vim tangu toleo la 7.3 la mwaka 2010 inaweza kutunza historia ya kutendua hata baada ya kufunga faili. Unaandika `set undofile`, unaipa folda ya kuwekea, na kesho ukifungua faili lako unabonyeza `u` unarudi mpaka kosa la juzi. Raha tupu. Lakini hebu fikiri: ili iweze kukurudishia mstari uliofuta, lazima mstari wenyewe iuweke mahali. Pale nilipobonyeza `dG`, mistari yote 83 ilihamia kwenye faili la kutendua. Nilipofuta `wageni.csv`, lile la kutendua halikuguswa. Vim hailifuatilii, halina muda wa kuisha, linakaa tu kama kopo la rangi chini ya ngazi.

Na mipangilio ile wala sikuiandika mie. Niliinakili kwa mtu mtandaoni mwaka ule nilipoanza, mistari arubaini nisiyoijua maana. Nani humu hajafanya hivyo?

Baada ya simu ile sikulala, nikakaa kuorodhesha nini kingine Vim inakumbuka. Faili la swapu, lile la `.swp`, ni nakala ya dharura ya unachoandika, linaandikwa kila baada ya herufi 200 au ukitulia sekunde nne. Hili nalipenda. Betri ya laptopu ile ilikuwa imekufa, inaishi kwa waya, na umeme ukikatika na fikra zako zinakatika. `vim -r`, amri ya kulirudisha, imeniokoa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Faili hilo hufutwa ukitoka vizuri, lakini ukikatikiwa na usilirudie, linabaki. Halafu kuna `.viminfo` kwenye folda yako ya nyumbani: maneno uliyotafuta, amri ulizoandika, mafaili uliyofungua, na rejista, yaani vitu ulivyokata na kunakili. Kwa kawaida rejista ikizidi mistari 50 inawekwa hamsini ya mwanzo tu, kwa hiyo hata ile `dG` yangu ya mistari 83 huenda iliacha kipande huko. Na nambari ya pasipoti moja niliyowahi kuitafuta kwa `/` bila shaka ilikuwemo.

Kwa hiyo nauliza: nyie mnaoandika kwa edita nyengine, mnajua zenu zinaweka nini na wapi? Na mnapofungua kitu cha siri mnafanyaje?

---

karafuu_kavu:

Yaani umeweza kutoka kwenye Vim mpaka ukafika kuuza laptopu? Hongera sheikh. Mie niliingia 2019, bado nimo.

---

pweza_wa_forodhani:

@karafuu_kavu bonyeza `Esc`, andika `:q!`, njoo Forodhani nikununulie pweza.

---

mshoni_wa_kodi:

Ndiyo maana mie niko VS Code. Rangi nzuri, vitufe vinaonekana, hakuna mafaili ya asilimia.

---

bi_skrini_nyeusi:

@mshoni_wa_kodi kaka yangu, pole. Fungua `~/.config/Code/User/History` halafu urudi hapa utuambie umekuta nini. Nakungoja.

---

mshoni_wa_kodi:

…

Nimerudi. Kuna mafaili ya mradi nilioufuta mwaka jana. Yote. Na la nywila za hifadhidata limo.

---

bi_skrini_nyeusi:

Haya. Hiyo inaitwa historia ya ndani, ilikuja Machi 2022 na toleo la 1.66, na imewashwa bila kuulizwa. Kila ukihifadhi faili, VS Code inaweka nakala pembeni, mpaka 50 kwa faili moja. Ukifuta faili lenyewe nakala hazifutiki, ndiyo kazi yake, ili ukijuta uweze kulirudisha. Kitu kizuri kwa aliyejuta, kibaya kwa aliyekusudia. Unaizima kwa `workbench.localHistory.enabled` ukaiweka `false`, au kama unaipenda, unaorodhesha mafaili isiyatunze kwenye `workbench.localHistory.exclude`.

Na ukiwa huko kwenye mipangilio tafuta `telemetry.telemetryLevel` uiweke `off`, hiyo ndiyo telemetria, inayowapelekea wao taarifa za matumizi yako. Msimbo wa VS Code wenyewe ni huria, upo kwa leseni ya MIT, lakini ile programu unayoipakua kwa Microsoft ina leseni nyengine na imefungwa telemetria ndani. Ukitaka iliyojengwa bila hiyo kuna VSCodium. Programu-jalizi zake zinatoka Open VSX, si duka la Microsoft, kwa hiyo chache utazikosa. Mie nilikosa moja tu, nikazoea.

Ila kuzima telemetria ya edita hakuzimi ya programu-jalizi. Kila moja ina mwenyewe. Na wale wasaidizi wa akili bandia wanaokumalizia mistari, wengi wao wanamalizia huko kwenye seva, si kwenye laptopu yako. Maana yake kipande cha faili ulilolifungua kinasafiri. Ukiwa na `wageni.csv` kwenye dirisha la pili, fikiri mara mbili.

---

mzee_wa_wete:

Vijana, hamjambo. Mie nimo tu nasoma. Nimetumia edita ya Emacs tangu mmoja wenu hajazaliwa, na hii habari ya pweza imenichekesha kwa sababu yamenikuta.

Emacs nayo ina yake. Ukihifadhi inaacha la zamani lenye kiwimbi mwishoni, `hesabu.txt~`. Ukiandika inaweka `#hesabu.txt#` kila baada ya mabonyezo 300 hivi. Ukiwa na folda ya karatasi muhimu, nusu yake ni vivuli. Sijui wangapi wamempa mtu flashi wakafuta `hesabu.txt` na kiwimbi wakakiacha.

Lakini dawa ipo ndani yake. Tangu Emacs 23 ya mwaka 2009 ukilipa faili jina linalomalizikia `.gpg`, Emacs inalisimba yenyewe, yaani inaligeuza lisisomeke bila nywila, wakati wa kuhifadhi na inakuuliza nywila wakati wa kufungua. Na ikiwa ni faili la namna hiyo, haiweki lile la alama ya reli (`#`). Wamefikiria. Mie hesabu za karafuu za familia, nani kachuma pishi ngapi na nani kakopa, zote zimo humo. Si kwamba ni siri ya serikali. Ni siri ya shemeji, na hiyo ni kubwa zaidi.

---

karafuu_kavu:

Hahaha siri ya shemeji. Mzee shikamoo.

---

mzee_wa_wete:

Marahaba. Na huo umeme mnaoulalamikia huko Unguja, mmesahau Disemba 2009 mpaka Machi 2010? Miezi mitatu kizani, waya wa baharini kutoka Bara ulipoharibika. Sie Pemba wakati ule tulikuwa na majenereta ya Wesha, waya wetu kutoka Tanga ulikuja baadaye mwaka huo huo. Nina mdogo wangu alikuwa Michenzani, anachaji laptopu kwenye jenereta ya jirani saa moja kwa siku, anaandika tasnifu. Huyo ndiye aliyenifundisha kuheshimu faili la swapu. Usilitukane.

---

pweza_wa_forodhani:

Sijalitukana mzee wangu, shikamoo. Ndilo linalonitatiza: kitu kile kile kilichoniokoa ndicho kilichoniumbua.

---

kijana_wa_tunguu:

Samahanini wakubwa, swali la mjinga. Kwani kwenye Vim si kuna `:X`? Unaandika nywila faili linasimbwa. Mwalimu alituonesha.

---

bi_skrini_nyeusi:

Si swali la mjinga mdogo wangu. Ipo. Faili la swapu na la kutendua navyo vinasimbwa ukitumia hiyo. Ila `.viminfo` haisimbwi. Pia angalia `cryptmethod`, yaani njia ya kusimba, iwe `blowfish2`, zile njia za zamani ni dhaifu na kitabu chao wenyewe cha msaada kinakiri. Neovim, hii iliyochipuka kutoka Vim mwaka 2014, waliiondoa kabisa `:X`. Mie nawaunga mkono. Kazi ya kusimba waachiwe GnuPG, edita ihariri.

Mie nikifungua kitu cha siri huita hivi:

`vim -n -i NONE --cmd 'set noundofile nobackup nowritebackup' faili`

`-n` hakuna swapu, `-i NONE` hakuna viminfo. Ila kama `.vimrc` yako ina `set undofile`, itaiwasha tena maana inasomwa baada ya `--cmd`. Kwa hiyo tumia `-c` badala yake, hiyo inakuja mwisho. Nilijifunza kwa uchungu.

Ukichoka kuandika yote hayo, lipe jina fupi kwenye `.bashrc`, faili la mipangilio ya terminali. Mie nimeliita `siri`.

---

pweza_wa_forodhani:

@bi_skrini_nyeusi na bado ukiandika nywila moja kwa moja kwenye amri, inaenda `.bash_history`, terminali inakotunza amri zako. Hii nyumba ina milango mingapi jamani.

---

fundi_dishi:

Mie fundi, nasema ukweli mchungu. Watu wananiletea laptopu kila siku, "fundi niwekee Windows mpya". Sijawahi kuulizwa hata mara moja ile ya zamani nimeifanya nini. Mie sipekui, namwogopa Mungu. Ila si kila fundi mjini ni mie.

Na msidanganyike na `shred`, ile amri ya kuandika juu ya faili ili lisirudi. Kwenye diski za SSD kuandika juu ya faili hakuhakikishi umeandika pale pale, diski yenyewe inaamua iweke wapi ili isichakae upande mmoja. La zamani linaweza kuwa bado lipo kwenye kona. Njia ya uhakika ni diski isimbwe tangu siku ya kwanza. Linux kuna LUKS, unatia tiki wakati wa kuweka mfumo. Windows kuna BitLocker kwa matoleo ya Pro, au VeraCrypt. Siku ya kuuza unaharibu ufunguo tu, kilichobaki ni mchanga.

Lakini ukisahau nywila ya diski usije kwangu kulia. Hata mie siwezi.

---

dada_wa_mapokezi:

Habari zenu. Mie si mwandishi wa programu, nimeingia humu kwa sababu ya neno "wageni". Nafanya kazi mapokezi, sitaji wapi.

Nyie mnahangaika na edita. Mnajua pasipoti zinatufikiaje? Mgeni anapiga picha anatuma WhatsApp. Picha inaingia kwenye simu ya zamu, simu inaiweka galari, galari inapanda yenyewe Google Photos, na akaunti ile kaifungua mtu aliyeacha kazi zamani. Halafu mmoja anaisambaza kwenye kundi la wapishi ili wajue kama mgeni hali nyama. Kwa nini pasipoti nzima? Kwa sababu kwenye picha ile ile kulikuwa na maelezo ya chakula.

Mistari 83 ya kaka pweza ni tone.

---

pweza_wa_forodhani:

Dada umenimaliza.

---

bi_skrini_nyeusi:

Bi mapokezi asante, hii ndiyo hali halisi. Kwa leo leo: kwenye WhatsApp zima picha zisiingie galari. Ujumbe unasimbwa tangu mwanzo mpaka mwisho, tangu 2016 wanatumia itifaki ya Signal, lakini bekapu inayopanda Google Drive ni habari nyengine. Haisimbwi namna hiyo mpaka uiwashe mwenyewe kwenye mipangilio, na chaguo hilo lipo tangu 2021. Wengi hawajaligusa.

Na mwambie bosi wako kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, akusanye kwa sababu inayojulikana, na asikae nazo kuliko inavyohitajika.

---

karafuu_kavu:

Hiyo si ya Bara?

---

bi_skrini_nyeusi:

Inatumika pande zote mbili, isipokuwa kwa Zanzibar haigusi mambo yasiyokuwa ya Muungano. Mjadala wa lipi la Muungano na lipi si la Muungano, tafadhali uende barazani, hapa tuzungumze edita.

---

kijana_wa_tunguu:

Jengine. Nilipandisha mradi wangu GitHub na faili la `.env` lenye ufunguo wa huduma ya malipo. Nikagundua baada ya saa moja, nikalifuta nikakomiti tena. Sasa halionekani. Nipo salama?

---

mzee_wa_wete:

La mwanangu. Git, ule mfumo wa kutunza historia ya msimbo, imetengenezwa isisahau, ndiyo sifa yake tangu Linus Torvalds, yule wa Linux, alipoiandika 2005. Komiti ya mwanzo, yaani ile nakala uliyoiweka kwanza, bado inalo. Mtu akirudi nyuma hatua moja anakuta ufunguo wako unamsubiri.

Kwanza, sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma hii, nenda ukaufute ufunguo kule kwenye huduma na utoe mpya. Kuna watu wameacha programu zinazochambua GitHub mchana na usiku kutafuta hivyo vitu, saa moja ni nyingi. Kusafisha historia kwa `git filter-repo` kuje baadaye, na hata ukisafisha, aliyekwisha kunakili kanakili.

---

kijana_wa_tunguu:

Nimebadilisha. Mikono inatetemeka. Asante babu.

---

mzee_wa_wete:

Babu tena?

---

mshoni_wa_kodi:

Basi mie naondoka VS Code narudi nano, ile edita ndogo ya terminali. Nano haikumbuki kitu.

---

bi_skrini_nyeusi:

Karibu ni kweli. Haina swapu, kwa hiyo umeme ukikatika umepoteza. Ila ukifunga dirisha la terminali huku hujahifadhi, inaacha faili lenye `.save` mwishoni. Angalia usije ukawa na folda ya hayo.

---

fundi_dishi:

Nje ya mada kidogo. Kwa nini Vim ukiifungua tupu inasema usaidie watoto maskini wa Uganda? Mie nilidhani ni virusi, nikamwekea mteja Windows.

---

pweza_wa_forodhani:

Fundi, astaghfirullah.

Bram Moolenaar, Mholanzi, ndiye aliyeiandika Vim na kuitoa 1991. Baadaye, mwaka 1994, alikwenda kujitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, kwenye mradi wa watoto walioachwa na wazazi waliokufa kwa ukimwi. Aliporudi akaiacha Vim iendelee kuwa bure, ila akaomba ukiipenda uwachangie wale watoto. Andika `:help uganda` utaona. Alifariki Agosti 3, 2023, na Vim 9.1 iliyotoka Januari 2024 wameitoa kwa kumbukumbu yake. Kwa hiyo programu inayotumika kwenye seva dunia nzima, salamu yake ya kwanza inataja jirani yetu wa ng'ambo ya ziwa. Mie kila nikiifungua hufurahi kidogo, hata wiki hii iliyoniaibisha.

---

dada_wa_mapokezi:

Hilo zuri. Nimewaambia wenzangu wa zamu, tumefuta picha za mwaka mzima. Akaunti ya yule aliyeondoka bado tunamtafuta. Wanasema yuko Oman.

---

pweza_wa_forodhani:

Mrejesho, maana nimeulizwa kwa siri na watu watatu.

Jana nilikutana na kijana Mwanakwerekwe. Tulifuta diski yote tukaweka Linux upya na LUKS, nywila ameitunga mwenyewe, mie nikatazama ukutani. `.vimrc` nimempa tena lakini safari hii tumeisoma pamoja mstari kwa mstari, ikabaki mistari kumi na moja. `set undofile` ameitaka ibaki, nikamwonesha namna ya kuizima kwa folda moja. Akaninunulia kahawa, nikakataa, akanilazimisha.

Kisha nikafanya lile lililokuwa gumu, nikampigia mzee wa Jambiani. Nikamweleza yote bila kuficha: majina, pasipoti, kijana, simu. Nikamwomba radhi. Nikamwambia wageni wenyewe wana haki ya kujua, nipo tayari kuandika barua pepe kwa kila mmoja.

Mzee alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani bando limekata. Kisha akasema tuandike, sawa. Halafu akaniuliza: "Na yule Mjerumani wa chumba cha juu, deni lake kweli hakulipa?"

Nikamwambia mzee, sijui, faili lishafutwa kabisa, diski imeandikwa upya.

Akasema, "Hebu itazame tena hiyo edita yako."